Petroli Haina Neno la Siri

Najua niliahidi sehemu ya pili ya yale mambo ya hifadhidata, lakini itabidi mngoje kidogo. Leo naweka tarakilishi kando (si mbali sana, mtaona) ili tuzungumze kuhusu pikipiki.

Mambo yalianza hivi. Oktoba 2023, petroli ilipofika shilingi 217.36 kwa lita hapa Nairobi, binamu yangu alinipigia simu saa nne usiku. Huyu ni mtoto wa mjomba, mwendeshaji wa boda, steji yake iko Kawangware. Vijana wawili wa steji hiyo walikuwa wameanza kuja na pikipiki zisizo na mlio, na kila jioni walikuwa wanahesabu pesa nyingi kuliko yeye. "Kaka, si wewe ndiye mtu wa tarakilishi? Hebu nipigie hesabu. Niuze hii yangu nichukue ya stima, ama nitulie?"

Mimi huyo! Nikafungua jedwali, na baada ya dakika kumi nilikuwa na jibu. Hesabu yenyewe ni rahisi, hata wewe unaweza kuirudia. Binamu hutembea kama kilomita 120 kwa siku. Pikipiki yake, ikibeba abiria na kusimama-simama kwenye msongamano, hupata kilomita 40 kwa lita. Hizo ni lita 3, yaani shilingi 652 kila siku. Pikipiki ya stima ya ukubwa huo hula kama wati-saa 40 kwa kilomita, basi kilomita 120 ni uniti 4.8. Aprili 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya stima ya kuchajia vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 wakati ambao mahitaji yako chini, kabla ya kodi na tozo. Zidisha 4.8 kwa 16. Shilingi 77.

652 dhidi ya 77! Nikamwandikia ujumbe: hama kesho asubuhi.

Lakini habari za familia hazikai Nairobi. Siku mbili baadaye mjomba mwenyewe akanipigia kutoka Busia. Alinisikiliza kwa upole nikimweleza mambo ya wati na kilomita, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Mpwa wangu, hiyo betri ni ya nani?"

Nikatazama jedwali langu. Hapakuwa na safu ya jambo hilo.

Ili uelewe kwa nini mjomba aliuliza hivyo, inabidi nikurudishe mpakani. Boda boda, kama wengi mnavyojua, ilizaliwa Busia miaka ya 1960. Kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha njia ambacho magari hayakubebea watu, na msafiri alilazimika kutembea na mizigo yake kichwani. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Walikuwa wakiita wateja kwa Kiingereza chao, kutoka mpaka hadi mpaka, na mwito huo ndio ukageuka jina. Mjomba aliingia kazi hiyo mwaka 1987 akiwa na Black Mamba, ile baiskeli nyeusi nzito ya chuma. Kiti cha nyuma alikishonea mto mwenyewe. Ikipata pancha aliziba mwenyewe. Breki zikikataa, alikuwa na kiatu.

Halafu zikaja pikipiki. Kufikia 2008 serikali ilikuwa imeondoa kodi kwa pikipiki ndogo, zenye injini isiyozidi 250cc, na zile za kutoka India na China zikamiminika kama mvua ya masika. Mwaka 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa Kenya nzima hazikufika 4,000. Mwaka 2009 zilipita 90,000. Fikiria hilo. Katika miaka minne kazi ya mjomba ilibadilika kabisa, na hakuna aliyemwuliza maoni yake.

Mjomba naye alipiga hesabu. Baiskeli haili kitu, alisema, anayekula ni mimi, na mimi nitakula tu hata nisipofanya kazi. Pikipiki inataka petroli asubuhi kabla wewe hujanywa chai. Kwa karatasi alikuwa sahihi kabisa, gharama ya kilomita moja ya baiskeli ilikuwa chini. Alichosahau ni kwamba mteja hanunui kilomita, ananunua kufika. Pikipiki ilipiga safari tatu baiskeli ikipiga moja, na ilipanda vilima bila kutoa jasho. Kufikia 2011 waliobaki na baiskeli walikuwa wakibeba magunia ya mahindi na mitungi ya maji. Mjomba akahama.

Ila hakuhamia pikipiki yake. Hakuwa na pesa hizo. Alihamia pikipiki ya mwalimu mmoja, na kila jioni alipeleka kiasi walichokubaliana, mvua inyeshe jua liwake. Alipougua malaria deni liliendelea kuhesabiwa. Ilimchukua miaka mitatu mpaka akanunua yake. Basi anapouliza betri ni ya nani, hafanyi mzaha.

Nikaanza kusoma. Nilidhani nasoma habari za teknolojia mpya. Lo! Kumbe hadithi hii imeshatokea mara kadhaa, na ya kwanza ina zaidi ya miaka 120.

Chombo cha barabarani chenye betri kilitangulia cha petroli. Mfaransa Gustave Trouvé aliendesha baiskeli ya magurudumu matatu yenye mota ya stima mjini Paris mwaka 1881, miaka minne kabla ya Karl Benz kukamilisha gari lake la kwanza la petroli. Mwaka 1897 teksi za stima zilikuwa zikibeba abiria London na New York pia. Na zile za New York, ndugu msomaji, zilikuwa zikibadilishiwa betri! Hazikukaa kuchaji. Teksi iliingia ndani ya jengo kule Broadway, betri iliyokwisha ikavutwa nje kwa mitambo, iliyojaa ikasukumwa ndani, na baada ya dakika chache dereva alikuwa barabarani tena. Waliotengeneza teksi hizo, Henry Morris na Pedro Salom wa Philadelphia, walikuwa wameelewa jambo ambalo vijana wa Kawangware wanalijua leo: chombo cha biashara kikisimama saa nzima kinachaji, mwenyewe anakula hasara.

Shida ilikuwa betri zenyewe. Zilikuwa za madini ya risasi, kama ile ya gari la babu yako, na uzito wa seti moja ulikuwa mamia ya kilo. Ukiitikisa kwenye mawe ya barabara kila siku inaanza kumwaga unga wake ndani, na usipoitunza inakufa mapema. Kwa kulinganisha tu: kuweka uniti 3 za stima, kiasi kinachoipeleka pikipiki ya boda kama kilomita 75, betri ya risasi ingekuwa na uzito wa kilo 80 hivi au zaidi. Ni kama kubeba abiria mwingine asiyelipa. Betri ya lithiamu ya kiasi hicho ina uzito wa kilo 30 hivi, na mtu mmoja anaweza kuinyanyua. Ukiniuliza ni kitu gani kimebadilika tangu 1897, ni hicho. Kanuni ya mota yenyewe haijabadilika sana.

Lakini risasi peke yake haikuua teksi za New York. Kampuni iliyozichukua, Electric Vehicle Company, iliangukia mikononi mwa matajiri waliotaka kuhodhi usafiri wa miji mizima. Wakauza hisa kwa ahadi za maelfu ya teksi. Mwaka 1899 gazeti la New York Herald likafichua mkopo wenye udanganyifu, imani ikapotea, matawi ya miji mingine yakafungwa. Na hapa pana kichekesho ambacho sisi watu wa programu tutakielewa haraka: kampuni hiyo ya magari ya stima ilinunua haki za hataza ya George Selden, iliyodai kumiliki wazo zima la gari la petroli, ikawa inatoza pesa watengenezaji wa petroli! Yaani biashara yake ikawa kukusanya ada za wapinzani wake. Hata hivyo ilifilisika mwaka 1907. Henry Ford aliipinga hataza hiyo kortini, na mwaka 1911 akashinda.

Sasa tazama mji mwingine, Hartford, katika jimbo la Connecticut. Huu ndio mfano nilioupenda kuliko yote, na nashangaa hausimuliwi mara nyingi.

Kampuni ya stima ya mji huo, Hartford Electric Light, iliona kitu kinachoonekana hata kwetu: usiku watu wakilala, mitambo inazunguka na hakuna anayenunua. Katika miaka ya mwanzo ya 1910 ikaanzisha huduma ya betri za malori. Mfanyabiashara alinunua lori bila betri, kwa hiyo bei ikashuka. Betri zilibaki za kampuni ya stima. Mwenye lori alilipa ada ya kila mwezi, na juu yake kiasi fulani kwa kila maili aliyotembea. Betri ikichoka, ikifa, ikivunjika, huo haukuwa mzigo wake. Huduma hiyo iliendelea hadi 1924, na malori yake yalitembea zaidi ya maili milioni 6, karibu kilomita milioni 10.

Linganisha miji hiyo miwili. Teknolojia ilikuwa ileile, risasi ileile, hata wazo la kubadilisha lilikuwa lilelile. New York mwenye betri alikuwa pia mwenye teksi, na dereva alikuwa kibarua wake. Hartford mwenye betri alikuwa muuza stima ambaye hapati kitu mpaka lori litembee. Lori likisimama, wote wawili wanakula hasara. Mimi naona hapo ndipo penye siri ya Hartford, zaidi ya uhodari wa mafundi wao.

Petroli ilishinda baadaye kwa sababu nyingi, na nitazipita haraka kwa kuwa mnazijua. Ford Model T ya 1908 ikazidi kushuka bei. Cadillac ikaleta gari linalojiwasha kwa stima mwaka 1912, watu wakaacha kuzungusha mkono wa chuma uliovunja viganja. Barabara zikatoka nje ya miji, mahali ambapo hapakuwa na waya wa stima hata mmoja.

Na kuna sababu moja zaidi ambayo siioni ikitajwa sana. Petroli ni kitu cha ajabu kwa kuwa haijali wewe ni nani. Mjomba akiishiwa njiani kati ya Busia na Mumias, alikuwa ananunua nusu lita kwenye chupa ya soda kutoka kwa mama aliyekaa kando ya barabara. Mama huyo hakumwuliza pikipiki ni ya kampuni gani. Chupa haikuuliza. Injini haikuuliza. Petroli haina neno la siri. Kwa lugha yetu ya kazini tungesema ni itifaki huria, mtu yeyote anaweza kuuza, mtu yeyote anaweza kutumia. (Ubora wa ile ya kwenye chupa ni hadithi nyingine, hehe, kabureta ya mjomba inaweza kutoa ushahidi.)

Turuke miaka 80 hivi. Mwaka 2007 Shai Agassi, mtu wa programu kama mimi, ila yeye alikuwa mkubwa katika SAP, alianzisha kampuni ya Better Place. Wazo lilikuwa la Hartford lililovaa suti mpya: nunua gari, betri ni yetu, lipa kwa kilomita, badilisha kwa dakika chache. Alikusanya kama dola milioni 850. Akajenga vituo Israel na Denmark. Mei 2013 kampuni ikafilisika. Gari lililoweza kutumia vituo hivyo lilikuwa la aina moja tu, Renault Fluence Z.E., na wateja walioipenda aina hiyo hawakutosha kulipia mitambo yote ile. Nilipofika hapo nilicheka kwa uchungu kidogo, maana ni kosa ambalo watu wa programu hulirudia kila mwaka. Tunajenga mfumo mzuri sana wa kitu kimoja.

Aliyefanikiwa alikuwa na chombo kidogo zaidi. Kule Taiwan kampuni ya Gogoro ilileta skuta zake mwaka 2015 pamoja na makabati ya betri mitaani. Unaweka mbili zilizokwisha, unachukua mbili zilizojaa, unaenda. Skuta ni nyepesi, betri inabebeka kwa mkono, kwa hiyo huhitaji jengo lenye mitambo. Na baada ya muda Gogoro iliwafungulia wengine mlango: hata Yamaha, mshindani, ilitoa skuta mwaka 2019 inayotumia betri hizohizo. Japani nako, Machi 2021, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, mahasimu wa miaka mingi, walikubaliana kuhusu kipimo kimoja cha betri ya kubadilishana. Wazee hawa wanne hawapendani. Walikubaliana kwa sababu waliona kwamba kila mmoja akija na betri yake, wote watalala njaa.

Sasa turudi nyumbani. Ampersand ilianza biashara Kigali mwaka 2019. Kampala kulikuwa na Zembo. Nairobi tunao Roam, waliokuwa wakiitwa Opibus, na wengine kadhaa. Septemba 1, 2023 Rais Ruto alizindua pikipiki za Spiro mjini Mombasa. Rwanda ikaenda mbali zaidi: kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali husajiliwa tu ikiwa ni ya stima.

Na Kenya ina bahati ambayo hata Hartford wangeionea wivu. Kule Olkaria tunachimba mvuke kutoka ardhini tangu 1981. Mvuke haulali. Usiku wa manane, viwanda vikiwa vimefungwa na wewe umezima taa, unaendelea kupanda, na kuna nyakati mvuke wenyewe huachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Ongeza maji ya Seven Forks na ule upepo wa Turkana, megawati 310. Sehemu kubwa ya stima yetu, karibu asilimia 90, haitokani na kuchoma mafuta. Wakati huohuo kila tone la petroli linakuja kwa meli, kwa dola, kupitia Mombasa. Kwa nchi, hesabu haina mjadala. Ile bei ya shilingi 8 ndiyo Hartford yenyewe imerudi.

Lakini mimi sikuulizwa na nchi. Niliulizwa na binamu.

Hapa lazima nikiri jambo. Mwaka 2016 nilifanya kazi katika kampuni moja, siitaji, iliyouza taa za sola kwa malipo ya kidogo kidogo. Mimi ndiye niliyeandika kile kipande cha programu kinachoangalia saa sita usiku: malipo yamefika? Kama hayajafika, zima. Mistari kumi na kitu hivi. Niliona fahari, ilikuwa safi. Kisha wiki moja ujumbe wa malipo ukaanza kuchelewa kufika kwenye seva yetu, na nyumba za watu waliokwisha kulipa zikaingia giza siku mbili mfululizo. Mama mmoja wa Siaya alipiga simu akisema ana ujumbe wa malipo mkononi, anausoma kwa kibatari. Programu yangu haikuwa na mahali pa kumsikiliza. Ilijua kuuliza jambo moja tu.

Kwa hiyo binamu alipochukua pikipiki ya kubadilisha betri mapema 2024, kwa kukodi, nilimwomba anitumie picha za mkataba, kurasa zote. Nikaisoma kama mtu aliyewahi kuandika upande wa pili. Betri si yake, ni ya kampuni. Ina kifaa cha kuifuatilia. Inaweza kuzimwa kutoka mbali. Haiingii katika pikipiki ya kampuni nyingine, na ya kampuni nyingine haiingii katika hii. Bei ya kubadilisha inaweza kubadilishwa kwa taarifa. Nadhani mnaona tofauti na yule mama wa chupa ya soda.

Na zile shilingi 77? Hazikuwahi kuonekana. Bei hiyo maalumu ni ya mwenye mita, na mwenye mita ni kampuni. Binamu alikuwa akilipa karibu shilingi 400 kwa siku kubadilisha betri. Sisemi ni wizi, la! Betri ni ghali, inachakaa, kuna kodi, kuna kituo na mlinzi na mtandao. Hartford nao walitoza ada. Lakini jedwali langu lilikuwa limelinganisha petroli na stima, wakati chaguo halisi lilikuwa petroli dhidi ya kukodi betri ya mtu. Bado alibaki na shilingi 250 hivi zaidi kila siku, na hizo si pesa za kudharau kwa mtu mwenye watoto wawili shuleni. Hakubadilisha oili. Hakununua plagi wala kebo ya klachi. Na wateja wake wa kike walimsifu kwa kukosa ekzosi. Wangapi mna kile kikovu cha mviringo kwenye muundi? Basi.

Siku mbaya zilikuwepo pia. Saa moja jioni, wakati wa wateja wengi, foleni ya watu sita inangoja betri mbili zilizojaa. Stima kupotea mtaani, na kituo kukaa kimya. Mnakumbuka 2023, nchi nzima ilizimika Agosti 25, tena Novemba 11, tena Desemba 10. Pampu za petroli nazo hutumia stima, tusisahau, ila baadhi ya vituo vina jenereta. Na usiku mmoja kabati lilikuwa na betri zilizojaa, taa za kijani zinawaka, lakini halikufunguka. Mfumo haukuwa ukipata seva. Binamu alisukuma pikipiki kilomita tatu. Aliponisimulia sikusema kitu. Nilikuwa najua mistari ile inavyofanana.

Sasa jibu langu ni lipi? Kwa anayefanya kazi mjini, karibu na vituo vitatu au vinne, anayetembea zaidi ya kilomita 80 kwa siku, naona ahame. Hata kwa kukodi betri. Mjomba alichelewa miaka mitatu akilinda hesabu ya baiskeli, na miaka hiyo haikurudi. Kwa aliye na mkopo wa petroli uliobaki miezi michache, amalize kwanza. Mikopo miwili ya pikipiki kwa mfuko mmoja ni kamba shingoni. Kwa wa kijijini ambaye kituo kiko mbali, anayebeba magunia matatu ya mahindi akipanda kilima, angoje au achukue ile ambayo betri ni yake na anaweza kuichaji nyumbani. Na yeyote atakayehama, kabla ya kuweka sahihi, aulize lile swali la mjomba, kisha aulize nani anaweza kuizima, na akiizima kimakosa simu inapigwa wapi.

Kwa serikali nina ombi moja. Kama mliweza kuondoa kodi kwa pikipiki za petroli, mnaweza kusema kwamba atakayetaka kuuza stima kwa ile bei ya shilingi 16 na 8 lazima betri yake iingie kwa pikipiki ya mwenzake. Najua kampuni zitanung'unika, zimewekeza pesa nyingi, na zitasema usalama wa betri utaharibika. Hoja ya usalama ina uzito, betri ya lithiamu iliyochezewa ni moto. Hata hivyo Honda na Yamaha wameweza kukaa meza moja. Na ni rahisi kufanya hivyo wakati makabati ni machache kuliko yakishakuwa elfu kumi.

Binamu naye hakungoja serikali. Mwisho wa mkataba wake wa kukodi aliuza ile ya petroli iliyokuwa imelala kwa jirani, akaongeza akiba ya chama, akanunua pikipiki ya stima ambayo betri yake inatoka na kuchajiwa kwa soketi ya kawaida. Betri ni yake, ina mkwaruzo wake, jina lake ameliandika juu kwa rangi. Tokeni za nyumbani ni ghali kuliko ile bei maalumu, lakini bado ziko chini ya kukodi.

Tatizo jipya ni kwamba anakaa ploti yenye mita moja kwa nyumba nane. Mwezi wa kwanza tokeni ziliisha mapema, majirani wakaitana kikao. Keteka akataka shilingi 3,000 zaidi kwa mwezi. Binamu akanipigia, nikamtafutia kimita kidogo cha kuchomeka ukutani, cha kuhesabu uniti za betri peke yake. Sasa kila Jumapili anampigia picha namba za kimita hicho na kulipa alichotumia. Keteka anasema haamini mashine iliyoletwa na mtu wa tarakilishi, anataka aje mtu wa kampuni ya stima aithibitishe. Mpaka ninapoandika haya bado tunamngoja.